Kifaa Kinachomzidi Muuzaji Umri

Katika miezi ya kuelekea Novemba 24, 2024, kampuni ya Kenya Power iliwapa wateja wake kazi ya ufundi bila kuiita hivyo. Mwenye mita ya stima ya kulipia kabla, aliponunua tokeni, alipokea mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini badala ya fungu moja alilolizoea. Mawili ya kwanza hayakuwa na hata uniti moja ndani yake. Yalibonyezwa kwanza, moja baada ya jingine, ndipo la tatu likaleta umeme. Katika nyumba za mtaa wetu wa Mountain View, Nairobi, zilizojipanga nyuma ya mageti kando ya Waiyaki Way, na katika vyumba vya kupanga vya majirani zao wa Kangemi, watu walisimama mbele ya kisanduku kile kile cha plastiki, simu mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikihangaika na vitufe. Wengi waliona ni usumbufu mwingine wa kampuni ya stima. Kwa kweli walikuwa wakifanya jambo ambalo wahandisi wa vifaa vya kielektroniki duniani kote hulipigania na mara nyingi hushindwa: walikuwa wakikirekebisha kifaa kilichokwisha kupigiliwa ukutani miaka mingi nyuma, bila kukifungua na bila kukibadilisha.

Sababu ya zoezi hilo ni hesabu tu. Mita hizo hufuata kanuni iitwayo STS, iliyozaliwa Afrika Kusini mapema miaka ya 1990, na ndiyo hiyo hiyo iliyo ndani ya LUKU ya Tanzania na Yaka ya Uganda. Kila tokeni hubeba alama ya wakati, ambayo ni idadi ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993. Alama hiyo ilitengewa biti 24, na biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Mita huzikumbuka alama za tokeni ilizokwisha kupokea ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili, na huzikataa zilizo kuukuu mno. Hesabu ikijaa na kurudi sufuri, kila tokeni mpya huonekana ya zamani kuliko zote, na mita huitema. Walioiandika kanuni walilijua hilo tangu mwanzo, wakaacha mlango: ufunguo wa siri wa mita waweza kubadilishwa kwa tokeni maalumu, na ufunguo mpya ukaanza kuhesabu kutoka mwaka mwingine, 2014. Yale mafungu mawili yasiyo na stima ndiyo yaliyoupitia mlango huo. Mita nyingi kati ya hizo hazina laini ya simu wala intaneti. Mtandao wao ulikuwa kidole cha mteja.

Nimeanza na mita kwa sababu mjadala wa vifaa vilivyounganishwa na mtandao umeshika kasi Nairobi, na karibu kila mara huanzia mahali pasipofaa. Kampuni changa inayotaka kuunda kidhibiti cha pampu ya kisima, chama cha wakazi kinachonunua kamera za geti, shirika la maji linaloagiza mita mpya, wote hufika kwenye swali moja la kiufundi: kifaa hiki kiendeshwe na mfumo endeshi gani? Majibu huja kwa lugha ya kasi, ya ukubwa wa kumbukumbu, ya bei ya leseni, ya umaarufu. Hayo ni maswali halali, lakini ni ya siku ya kununua. Kifaa cha ukutani huishi miaka kumi, kumi na mitano, ishirini. Hoja yangu ni kwamba mfumo endeshi wa kifaa cha namna hii uchaguliwe kwanza kwa kuuliza nani ataweza kuurekebisha katika mwaka wa kumi, na marekebisho yatakifikia kifaa kwa njia gani katika hali halisi ya stima na mtandao wetu. Mengine yafuate baadaye.

Msomaji asiyeshinda na vyuma anastahili maelezo mafupi. Mfumo endeshi ni programu iliyo chini ya programu zote, ile inayogawa kumbukumbu, inayoamua kazi ipi itangulie, na inayozungumza na vitambuzi, redio na skrini. Katika simu tunaijua kwa majina ya Android na iOS. Katika vifaa vidogo hali ni tofauti kabisa. Chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotoka mwaka 2016 na sasa kipenzi cha wabunifu kila mahali, ina kilobaiti 520 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Picha moja ya simu ya kawaida haiingii humo. Juu ya chipu kama hiyo huendeshwa mifumo midogo kama FreeRTOS, iliyoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na ambayo kiini chake hutosheka na kilobaiti 6 hadi 12, au Zephyr, iliyo chini ya Linux Foundation tangu 2016. Kifaa kikubwa zaidi, kama ruta, kamera au mashine ya kuuzia tiketi, huwa na chipu inayoweza kubeba Linux, na Linux hudai megabaiti nyingi na sekunde nyingi za kuamka. Kisha kuna vifaa ambavyo havihitaji mfumo endeshi wowote. Kipimajoto cha tangi la maji kinachosoma namba kila baada ya dakika kumi na kuituma kinaweza kuishi kwa kitanzi kimoja cha msimbo kinachojirudia. Wahandisi vijana hulidharau jibu hili, na nadhani wanakosea: programu ambayo haimo haiwezi kuharibika.

Kigezo kilichozoeleka vitabuni ni wakati. Vali ya gesi ikitakiwa kufunga ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, haifai mfumo uwe unashughulika na jambo jingine. Hapo ndipo mifumo ya muda halisi ilipojijengea jina. Lakini hata kisa maarufu kuliko vyote cha mifumo hiyo kinatufundisha jambo tofauti na lile linalosemwa darasani. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi Julai 4, 1997 kikiendeshwa na VxWorks, mfumo wa kibiashara wenye sifa zote. Siku chache baadaye kikaanza kujizima na kujiwasha, kwa sababu kazi ndogo ilishikilia kifaa cha pamoja huku kazi kubwa ikisubiri na kazi za kati zikipita katikati yao. Kilichookoa safari ile ni kwamba wahandisi walikuwa wameiacha ndani ya chombo njia ya kuchunguza hitilafu na ya kupokea marekebisho kutoka duniani. Mfumo bora ulikosea kama mifumo yote inavyokosea. Walichokuwa nacho ni mlango. Na siku hizi hata hoja ya muda halisi imepungua makali, maana Linux yenyewe, tangu toleo la 6.12 la Novemba 2024, imeyapokea ndani ya kiini chake marekebisho ya muda halisi yaliyokuwa yakiandaliwa pembeni kwa miaka 20. Kwa kazi nyingi za mjini, mifumo mitatu au minne itafaulu mtihani wa wakati. Lazima pawe na mtihani mwingine wa kuitofautisha.

Jina la mtaa wetu linatukumbusha jirani wa mbali. Mountain View ya California ndiko yaliko makao makuu ya Google, na kutoka huko mwaka 2015 kulitangazwa mfumo wa vifaa vilivyounganishwa uitwao Brillo, uliobadilishwa jina Desemba 2016 kuwa Android Things. Ahadi ilikuwa tamu: mwandishi yeyote wa programu za Android angeweza kuunda kifaa, na Google yenyewe ingeleta masasisho ya usalama bure kwa miaka mitatu kwa kila toleo la muda mrefu. Toleo la kwanza kamili lilitoka Mei 2018. Februari 2019 kampuni ikasema mfumo huo sasa ungeshughulikia spika na skrini za nyumbani tu, na Januari 5, 2022 mtambo wa kusambazia masasisho ukazimwa pamoja na kila kilichohifadhiwa humo. Ngoma ya watoto haikeshi, wazee walisema, ila hapa wapigaji walikuwa miongoni mwa matajiri wa dunia. Tangu toleo la kwanza hadi kuzimwa ni chini ya miaka minne. Mita ya stima ya Kangemi haihesabu miaka minne kuwa umri.

Google si peke yake, na si haki kuifanya mfano wa ubaya. Microsoft ilikuza Windows CE kuanzia 1996. Toleo lake la mwisho lilikoma kuhudumiwa Oktoba 10, 2023, likiacha nyuma mizani na mashine za maghala zilizokuwa bado zinafanya kazi vizuri. Kampuni hiyo hiyo ilinunua ThreadX mwaka 2019, mfumo mdogo wa muda halisi uliokuwa sokoni tangu 1997, ikaubatiza jina la Azure, kisha mwishoni mwa 2023 ikaukabidhi kwa Eclipse Foundation kama programu huria. Arm, ambao usanifu wao umo ndani ya chipu nyingi za simu, walitangaza mwaka 2024 kwamba Mbed, mfumo wao wa vifaa vidogo, ungefikia tamati Julai 2026. Hapo mtetezi wa mifumo ya kulipia ananyanyua mkono: je, si afadhali kulipa, upate mkataba, cheti cha usalama na mtu wa kupigia simu? Katika ndege, mashine za hospitali na breki za gari, ndiyo, na anayejenga vitu hivyo hana haja ya ushauri wa gazeti. Lakini mkataba hulinda kadiri mwenye mkataba anavyoendelea kutaka biashara yako. Mnunuzi wa vipande elfu tano kutoka Nairobi si mteja ambaye kampuni ya ughaibuni itabadilishia ratiba yake.

Msomaji makini ameshaona kwamba Mbed ilikuwa programu huria, na bado imeachwa. Ni pingamizi zito, na linataka kujibiwa bila kukwepa. Uhuru wa leseni si dawa ya kuachwa. Tofauti yake inaonekana siku ya kuachwa: mfumo uliofungwa ukifa, msimbo hufa nao, mfumo huria ukifa, msimbo unabaki mezani kwako, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuziba tundu lililogunduliwa jana. FreeRTOS imebadili mikono, Amazon ikawa mlezi wake mwaka 2017, na aliyejenga kifaa juu yake mwaka 2010 hakulazimika kuomba ruhusa ya mtu. Hata hivyo msimbo bila mikono ni karatasi. Ndiyo maana katika kuchagua kati ya mifumo huria miwili, natazama zaidi idadi ya kampuni zinazoilisha kuliko orodha ya sifa zake. Mfumo unaotegemewa na watengenezaji chipu wengi wanaoshindana wao kwa wao una maisha marefu kuliko ule wa mlezi mmoja, hata mlezi huyo akiwa tajiri. Kwa kipimo hicho Zephyr inatangulia kwenye vidogo, na Linux haina mpinzani kwenye vikubwa.

Sasa tuje nyumbani, kwa maana hapa ndipo vitabu vya Ulaya hunyamaza. Kwanza, stima. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, ikarudia Novemba 11 na tena Desemba 10 mwaka huo huo, achilia mbali kukatika kwa kila wiki ambako hakuingii kwenye habari. Kifaa cha Linux kinachoandika kwenye kadi ya kumbukumbu wakati umeme unapokatika kinaweza kuamka kikiwa hakijitambui, na katikati ya kusasishwa hatari huwa maradufu. Mhandisi anayejua mji huu hugawa hifadhi mara mbili, nakala ya zamani ikabaki salama hadi mpya ithibitishe kwamba imeamka, na sehemu ya mfumo ikawa ya kusomwa tu. Hilo linawezekana kwenye Linux na kwenye mifumo midogo pia, lakini linataka chipu yenye nafasi, na nafasi hukatwa kwanza pale mnunuzi anapobana bei. Kisha stima ikirudi, vifaa vyote vya mtaa huamka kwa pamoja na kuupigia hodi mtandao dakika ile ile. Mfumo ambao haukufundishwa kusubiri kwa zamu hugeuza kurudi kwa umeme kuwa tatizo la pili.

Pili, njia yenyewe. Vifaa vingi vya Afrika Mashariki huzungumza kupitia 2G, kwa sababu modemu zake ni rahisi na mawimbi yake yanafika vijijini. M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo nchini mwaka 2012, ilijengwa juu ya laini ya simu iliyo ndani ya kisanduku na malipo ya M-Pesa. Fanya hesabu ya mtandao wa namna hiyo. Kwa kasi ya kilobiti 40 kwa sekunde, sasisho la kilobaiti 500, ambalo linatosha kubadilisha programu nzima ya kifaa kidogo, hufika kwa sekunde 100. Sasisho la megabaiti 50 la kifaa cha Linux hufika kwa sekunde 10,000, saa mbili na dakika 47, ikiwa mawimbi hayatayumba na stima haitakatika. Zidisha kwa vifaa 10,000: la kwanza ni gigabaiti 5 za bando, la pili ni gigabaiti 500. Kuna mbinu za kutuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, nazo husaidia, lakini hazifuti pengo. Kwa hiyo ukubwa wa mfumo, ambao vitabu huutazama kama suala la bei ya chipu, hapa ni suala la kama kifaa kitarekebishwa kweli au kitaachwa kwa kuwa kukirekebisha ni gharama. Na njia nayo huzeeka: AT&T ya Marekani ilizima 2G yake Januari 1, 2017, na kila kifaa kilichoitegemea kikageuka kipande cha plastiki.

Kuna wanaosema haya yote ni wasiwasi wa wahandisi, kwa kuwa nani atahangaika kuivamia kamera ya geti la Mountain View? Jibu ni kwamba mvamizi haijui kamera hiyo wala mwenyewe. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilipita mtandaoni ikijaribu nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta, ikazigeuza jeshi, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo likaiangusha huduma ya Dyn na kuzima tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Mwaka huo huo, hapa hapa barani, mtandao wa simu wa Lonestar wa Liberia ulishambuliwa kwa jeshi la aina hiyo. Mwingereza aliyelipwa kulifanya hilo alihukumiwa London Januari 2019 kifungo cha miezi 32. Wenye kamera hawakuhisi kitu. Juni 2025 FBI ilionya kuhusu BADBOX 2.0, iliyoingia kwenye mamilioni ya vifaa, vingi vikiwa vijisanduku vya runinga vya bei nafuu vilivyotumia Android isiyoidhinishwa na Google, baadhi vikiwa vimeambukizwa kabla ya kutoka kwenye katoni. Mnunuzi wa kijisanduku kama hicho Luthuli Avenue hawezi kuyaona hayo kwa kugeuza sanduku na kusoma mgongoni. Android hapo ni jina la familia tu. Msimbo wenyewe umenakiliwa mara moja, ukagandishwa, na aliyeugandisha hayupo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la pesa. Kampuni changa haijui kama itamaliza mwaka, sembuse mwaka wa kumi. Ikianza na mahitaji yote haya haitauza hata kipande kimoja, na kifaa cha shilingi elfu tatu kitatupwa baada ya miaka mitatu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili haiendani na tabia zetu. Nairobi haitupi vitu; redio huhama kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kijijini, na ruta iliyokataliwa na ofisi huuzwa mtumba ikaanza maisha mapya. Kifaa kilichoundwa kwa dhana ya miaka mitatu kitaishi saba, na miaka minne ya ziada kitakuwa yatima. Tena gharama yenyewe imetiwa chumvi. FreeRTOS na Zephyr hazidai senti ya leseni. Kinachogharimu ni nafasi ya nakala ya pili kwenye chipu, pamoja na wiki chache za kuandika na kujaribu njia ya masasisho kabla ya kuandika madoido ya skrini. Kampuni changa isiyoweza kumudu wiki hizo haitaweza pia kumlipia fundi nauli ya pikipiki kwenda nyumba elfu moja kubonyeza kitufe cha kuanza upya.

Ndugu wa pingamizi hilo ni la wataalamu: vijana wetu wanajua Android na Linux, si mifumo midogo, basi tutumie tunachokijua. Nakubali nusu. Kwa kifaa chenye skrini, kamera au kazi ya mtandao, Linux ndiyo njia sahihi, na ujuzi uliopo ni mtaji. Ila Linux si kitu kimoja. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba matoleo ya muda mrefu ya kiini chake yatahudumiwa miaka 2 badala ya 6, kwa kuwa wanaoyahudumia ni wachache na wamechoka. Anayejenga mita juu ya Linux bila mpango wa kuhamia kiini kipya amejenga juu ya kitu cha miaka michache. Wapo wanaojipanga vizuri zaidi: mradi wa Civil Infrastructure Platform, ulioanza 2016 kwa ajili ya mitambo ya umeme, maji na reli, hulea viini teule kwa angalau miaka 10. Jina lake halivutii mkutano wa wawekezaji, na labda ndiyo sababu hausikiki miongoni mwa kampuni changa za Ngong Road. Adui mkubwa zaidi ni kiini cha Linux anachokupa muuza chipu kikiwa na viraka vyake mwenyewe visivyopelekwa kwenye Linux ya wote. Chipu inayoendeshwa na Linux ya wote ni bora kuliko ya kasi maradufu iliyofungwa kwenye kiini kimoja cha miaka sita iliyopita.

Na bado kuna kufuli ambalo wanunuzi hawaliulizi kabisa. Kifaa cha siku hizi hukubali sasisho lililotiwa saini ya kidijitali tu, jambo jema, maana bila saini yeyote angeingiza chochote. Lakini ufunguo wa kutia saini unakaa kwa nani? Kama uko kwa muuzaji wa ng'ambo peke yake, basi hata mfumo uwe huria mia kwa mia, siku anapofunga ofisi msimbo unabaki wa kutazamwa kama kiatu cha dirishani. Mnunuzi mkubwa, awe shirika la maji la jiji, ambalo liliweka mashine za maji za kadi Mathare mwaka 2015, au kaunti yoyote inayofikiria mita za kisasa, anapaswa kuandika kwenye zabuni kwamba nakala ya ufunguo na msimbo viwekwe kwa mtu wa tatu anayeaminika, vitolewe muuzaji akifilisika au akiacha kuhudumia. Wauzaji watalalamika. Wa maana watakubali.

Sheria za wenzetu zimeanza kulisukuma suala la masasisho. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, imepiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana, na inamtaka muuzaji atangaze kifaa kitasasishwa hadi lini. Ulaya ilifuata na sheria yake ya ustahimilivu wa mitandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 10, 2024 na ambayo masharti yake makuu yatabana kuanzia Desemba 11, 2027. Kwa kawaida muuzaji atatakiwa kuhudumia kifaa miaka isiyopungua 5. Bidhaa zisizokidhi zitahitaji soko jingine la kuendea, na si vigumu kukisia ni lipi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo makao yake yako hapo hapo Waiyaki Way, tayari ina utaratibu wa kuidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa. Tarehe ya mwisho ya masasisho, iliyochapishwa juu ya katoni kama tarehe ya mwisho ya maziwa, ingefaa kupewa uzito sawa na vipimo vya mawimbi. Haihitaji maabara, ni neno la muuzaji ambalo baadaye atashikiwa.

Mikono ya kuurekebisha msimbo nayo ipo karibu kuliko tunavyodhani. Umbali mfupi kutoka Mountain View iko Kabete National Polytechnic, iliyofunguliwa mwaka 1924 kama chuo cha kufundisha Waafrika useremala, uashi na uhunzi. Vyuo vya namna hiyo ndivyo vitakavyotoa watu wa kufungua kifaa cha mwaka wa kumi, kusoma msimbo wa mtu asiyekuwepo, na kubadilisha mistari ishirini bila kuivunja elfu ishirini. Hiyo si kazi ya kubuni programu mpya inayoshinda tuzo. Ni kazi ya fundi wa paa, na kwa sasa tunaifundisha kidogo mno, kwa kuwa mashindano ya ubunifu hayatoi zawadi kwa aliyekifanya kitu cha zamani kiendelee kufanya kazi.

Tarehe za mtihani tayari ziko kwenye kalenda. Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi, hesabu ya sekunde ya mifumo yote inayotumia biti 32 kutunza wakati kwa mtindo wa Unix itajaa na kurudi nyuma hadi mwaka 1901. Linux ilimaliza kulitatua hilo ndani ya kiini chake mwaka 2020, lakini vifaa vilivyogandishwa kabla ya hapo havitajua. Kisha Novemba 24, 2045 zitakwisha dakika zile za ufunguo wa 2014, na mita zitakazokuwa bado ukutani zitasubiri tena mtu aje na tarakimu zake. Mita inayopigiliwa Kangemi wiki hii itakuwa na umri wa miaka ishirini hivi siku hiyo.